Ngozi Mbili za Busawe

Wegesa hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana mkishasikia aliyoyafanya mtataka kumhukumu. Mhukumuni mkipenda. Mwenyewe alishajihukumu, tena bila huruma hata kidogo.

Alikuwa afisa mifugo wa kata ya Kenyamonta, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mkali kwa wafugaji wazembe na mlaini kwa ndama. Watu walimwita daktari. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia wasichanganye ng'ombe wagonjwa na wazima, na kazi ya watu ilikuwa kuitikia "sawa, daktari" halafu wakaendelea kufanya wanavyojua. Lakini naye hakuwa malaika. Alikuwa na mitamba watatu, na hakuwafuga kwake. Aliwaweka Busawe kwa Erasto, fundi mwashi aliyesoma naye shule ya msingi. Ndivyo watu wa huku walivyo, hawalazi mali yao yote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi wakija, walau kuna wachache wamebaki kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki kuwa wako.

Mwezi wa tatu mtamba mmoja alikufa. Erasto alipanda pikipiki yake, akaleta ngozi mpaka mlangoni kwa Wegesa, imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, inzi wanaifuata.

"Erasto jamani! Si ungepiga simu tu?"

"Simu haina alama ya sikio, daktari." Akaikunjua ngozi pale chini, sikio likaonekana, na mchano wa ukoo wa kina Wegesa ulikuwepo. "Nisingeileta ungesema nimemla."

"Nani angesema?"

"Watu. Na wewe kimoyomoyo."

"Na unajua kabisa ngozi ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa haisafirishwi. Nikikupeleka kwa mtendaji je?"

"Nipeleke. Ila ngozi umeipokea."

Huyo ndiye Erasto. Alikuwa na mke, Dorka, Mjaluo aliyekutana naye Sirari, mpakani na Kenya, akiuza mitumba, na binti yao wa miaka saba, Lilian, ambaye alimwita Wegesa shangazi. Alikuwa pia na jambo moja la kujisifia, na ukikaa naye dakika kumi lazima ulisikie. "Sisi wa kwa Nyangwine," angesema, "sotoka ilituruka!"

Sotoka ni ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa nchi hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na baada ya ng'ombe ikaja njaa ikala watu. Bibi yake Wegesa, Bernadetha, alikuwa na habari zake zote kichwani. Mwikwabe wa Kenyamonta, mzee wa ukoo wao, alipoteza ng'ombe wote. Rafiki yake Nyangwine wa Busawe, ambaye ugonjwa haukufika kwake, aliwachukua watoto wa Mwikwabe akawanywesha maziwa mpaka mvua ziliporudi. Nyangwine huyo ndiye babu wa babu yake Erasto. "Bila yeye sisi tusingekuwepo," Bibi alikuwa akisema kila Erasto alipokuja, na kikombe cha Erasto kilijazwa kuliko vya wengine.

Sasa tuje kwenye josho.

Kulikuwa na josho bovu pale Kenyamonta, lile shimo refu la saruji ambamo ng'ombe hutumbukia upande mmoja, wakaogelea kwenye dawa ya kupe, wakapanda ngazi upande wa pili. Lilikuwa limekauka miaka mingi. Wegesa alimwita Erasto aje kupima nyufa ili likarabatiwe. Wakaanzia kwenye ngazi za kutokea, wakashuka, wakapita ndani kinyume na ng'ombe wanavyopita, wakapanda upande wa kutumbukia. Walipotoa vichwa nje, josho halikuwepo. Shule haikuwepo, mnara wa simu haukuwepo. Kulikuwa na pori, mawe mawili meupe, na ng'ombe wengi kuliko Wegesa alivyowahi kuwaona maishani mwake.

Msiniulize imekuwaje. Aliyelijenga kashakufa, na mimi nasimulia tu. Ninachojua ni kwamba ukipita kinyume ulifika kule, na ukipita kati ya yale mawe mawili ukifuata njia ya ng'ombe ulirudi huku. Na siku iliyopita huku ilikuwa imepita na kule. Hakuna cha kuchagua siku wala kurudia.

Zizi la karibu lilikuwa la Mwikwabe. Mwikwabe mwenyewe! Mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo na sauti kubwa, na alipocheka alifumba jicho moja, vilevile alivyokuwa akicheka marehemu baba yake Wegesa. Wegesa alipoliona jicho lile machozi yalimtoka palepale, akasingizia moshi. Kilugha chao kilikuwa cha zamani lakini walisikilizana. Wakasema wao ni wageni wanatoka mbali, na mgeni hakuulizwa zaidi. Walipewa maziwa.

Walirudi huku wakiwa wamekubaliana jambo moja. Kuona wataona, kula watakula, lakini ya mbele hawatayasema.

"Kwa sababu hatujui ukivuta uzi huu nguo itafumuka wapi," Erasto alisema.

"Na hata tukisema, tutawapa nini? Chanjo ya sotoka haipo tena," Wegesa alijibu. Ni kweli. Ugonjwa wenyewe ulishatangazwa kuisha duniani, na chanjo iliyobaki imefungiwa kwenye maabara za mbali ambako afisa wa kata hafiki.

Wakaenda mara ya pili, wakarudi salama. Mara ya tatu ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Mara ya tatu walimkuta Mwikwabe anajenga zizi jipya, na shambani wimbi, yaani ulezi, lilikuwa linatoa vichwa. Wegesa alisimama ghafla. Maana Bibi Bernadetha alikuwa akianza hadithi yake kwa maneno hayohayo. Mwaka wa zizi jipya, wimbi likitoa vichwa, sotoka ikaingia.

"Ni sasa," alimwambia Erasto pembeni. "Ni wiki hii."

"Najua. Twende zetu."

"Tuondoke tu? Tuwaache? Wale watoto umewaona? Yule mdogo anayenishika shuka?"

"Wegesa, wale watoto wanakuja kwetu Busawe. Wanakunywa maziwa, wanakua, unazaliwa wewe. Bibi yako kila siku anasema."

"Watatu wanakuja kwenu. Anao tisa."

Hesabu hiyo Erasto hakuwahi kuifikiria, kwa sababu hadithi ilisimuliwa na wazao wa wale watatu. Alikuna kichwa kwa ile futi yake ya chuma ya kupimia, ambayo hakuiacha hata kule, jina lake amelichora kwa msumari. Akasema taratibu, "Naogopa. Siwezi kukueleza kwa nini, ila naogopa. Nakuomba usiseme."

Aliombwa. Hilo Wegesa hatalisahau mpaka aingie kaburini. Rafiki yake alimwomba kwa mdomo wake, na yeye akaondoka akaenda moja kwa moja kwa Mwikwabe, akapiga magoti, akasema. Ugonjwa unakuja kutoka kaskazini. Unaanza na machozi na mate, mdomo unachubuka, ng'ombe anaharisha, siku ya saba au ya nane anakufa. Usiruhusu ng'ombe wa mtu mwingine wakaribie wako. Alisema vizuri kabisa, kama anavyosema kwenye mikutano ya kijiji. Mwikwabe hakucheka. Alimtazama sana, akamshukuru, akaamuru wapewe pa kulala.

Asubuhi walipotoka nje, zizi lilikuwa limebaki nusu.

"Ng'ombe wako wapi, baba?" Wegesa aliuliza.

"Nimewatawanya," Mwikwabe akasema, ameridhika kabisa. "Umeniambia balaa linakuja, nami nina akili. Vijana wametoka kabla jua halijachomoza. Kumi Ikoma kwa wakwe zangu, wengine kwa shemeji, wengine kwa marafiki. Na mitamba wawili wazuri nimewapeleka Busawe kwa rafiki yangu Nyangwine. Balaa likija, halitakuta mali yangu yote mahali pamoja."

Wegesa alisikia masikio yanavuma. Mjinga! Hakumwita Mwikwabe mjinga, alijiita mwenyewe. Angefanya nini kingine yule mzee? Yeye mwenyewe na cheti chake cha chuo, mitamba wake walikuwa wapi? Alimfundisha mfugaji kuhusu ugonjwa, akasahau kwamba mfugaji anayo dawa yake ya siku zote, na dawa hiyo ni kutawanya. Alikimbilia zizini. Ng'ombe wa kwanza aliyemshika alikuwa na machozi. Wa pili alikuwa na mate. Sotoka haikuwa inakuja. Ilikuwa imeshalala mle zizini siku kadhaa, na asubuhi ile imetumwa kwa miguu kila upande wa nchi.

Erasto alielewa kabla hajaambiwa. "Nyumbani," akasema. "Wamepelekwa nyumbani kwetu." Akaanza kuelekea njia ya Busawe. "Nikikimbia nitawakuta. Nitawachoma mkuki hao mitamba hukohuko njiani."

Na hapa ndipo penye kosa ambalo Wegesa huamka nalo. Alimshika mkono. Aliogopa. Aliogopa vijana wenye mikuki, aliogopa kubaki kule peke yake, na ndiyo, nitalisema, aliogopa pia kikao cha Jumatatu wilayani. "Hutawapata," akasema. "Turudi kwanza, tutulize akili, tuulize Bibi anajua nini. Twende kwanza nyumbani, Erasto." Alimvuta, na Erasto, ambaye siku zote alimwamini daktari, akavutika. Njiani alimpa futi amshikie, akainama kufunga kamba za buti.

Wakapita kati ya mawe mawili, Wegesa mbele, Erasto nyuma. Alisikia buti zake kwenye saruji, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne hakuisikia. Aligeuka, na josho lilikuwa tupu.

Alirudi, akapita tena kinyume, akaita mpaka sauti ikakauka. Kule hakuwepo. Huku pia pikipiki haikuwepo ilipoegeshwa, wala alama ya tairi. Namba yake kwenye simu haikuwepo. Alikwenda Busawe, na pale penye nyumba ya bati jekundu aliyoijenga Erasto kwa mikono yake palikuwa na shamba la mihogo, na mwenye shamba akamuuliza, "Nyangwine gani, mama? Huku hakuna ukoo huo." Mitamba wake wawili waliobaki, kumbe, wanafugwa na mjomba wake tangu mwanzo. Alikwenda mpaka Sirari. Dorka alikuwepo, amenenepa kidogo, anauza mitumba na kupiga soga nusu Kiswahili cha Kenya, na watoto wawili wa kiume wanacheza miguuni pake. Wegesa alisimama mbele ya meza kama mtu aliyepigwa. "Karibu, customer. Unatafuta size gani?" Dorka akauliza. Wegesa alinunua kigauni cha mtoto wa miaka saba, hakujua anampelekea nani.

Kisha akaenda kwa Bibi Bernadetha. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Nisimulie ya sotoka."

Bibi akasimulia, na haikuwa ile. Mwikwabe alionywa na mwanamke mgeni, akasema Bibi, akatawanya ng'ombe. Waliokwenda Ikoma walipona, na kwa hao watoto wake wote tisa wakaishi. Waliokwenda Busawe walifika na ugonjwa, wakafa wao na ng'ombe wote wa mwenyeji. "Aliitwa Nyangwine. Njaa ilimmalizia watoto. Na unajua alifanya nini? Alizianika ngozi mbili za ng'ombe wa rafiki yake, akazibeba kichwani, amebaki mifupa, akaja nazo mpaka kwa Mwikwabe. Akamwonyesha masikio. Akakaa chini, hakuinuka tena. Ndiyo maana sisi tukiapa tunaapa kwa ngozi za Nyangwine. Hakujapata kutokea mtu mwaminifu kama yule."

Watoto tisa, wote. Furaha ilitaka kumjia Wegesa, ikakuta mlango umefungwa. Alikuwa amewalipia kwa Lilian, mtoto wa mwenzake.

Mngesema basi angekimbia kule haraka, njaa haijaanza, akaokoe. Hata mimi ningesema. Lakini aliogopa. Akigusa tena, nani mwingine atafutika? Alijifungia, akaugua, akapona, akaahirisha, akaahirisha tena. Miezi minne ikapita, na kule minne ikapita. Siku alipopata ujasiri alibeba unga kilo ishirini mgongoni, akapita josho, akatembea mpaka Busawe. Alijiambia, hata nikimwokoa mzee tu asife kwa safari ile, nitakuwa nimefanya kitu.

Harufu ilimpokea kabla ya nyumba. Mifupa ya ng'ombe ilikuwa kila mahali. Nyangwine alikuwa amekaa mlangoni, mikono mirefu, paji la uso la Erasto kabisa, Erasto aliyekaushwa juani.

"Nisamehe, mgeni wangu," akasema. "Umefika kwangu na sina maziwa ya kukupa."

Wegesa aliuliza watoto wako wapi.

"Wa mwisho nimemzika juzi."

Juzi! Alikaa chini kwenye vumbi, akalia bila kuficha, akakiri yote. Kwamba yeye ndiye aliyemwonya Mwikwabe. Kwamba kwa maneno yake mitamba waliletwa hapa. Kwamba alizuia mtu aliyetaka kuwakimbiza.

Nyangwine alisikiliza mpaka mwisho. "Ulimwambia uongo?"

"Hapana, baba. Nilimwambia kweli."

"Basi ulimwambia kama anavyoambiwa mtu. Mimi ng'ombe wa rafiki yangu ningewarudisha? Huwezi." Akajikongoja ndani, akatoka na ngozi mbili, zimekunjwa vizuri, masikio juu. "Linalonikera ni hili. Mali yake imefia kwangu. Kesho nilitaka nianze safari nimpelekee, asije akadhani nimekula."

"Usiende," Wegesa akasema haraka, maana alijua safari ile inaishia wapi. "Miguu yako haitafika. Kula unga huu, upumzike. Nipe mimi, nitampelekea."

"Utamfikishia?"

"Nitamfikishia."

Alimkabidhi kwa mikono miwili. Na uso wake ulitulia, ukawa uso wa mtu aliyetua mzigo.

Wegesa alitembea na ngozi kichwani mpaka karibu na kwa Mwikwabe, akasikia kengele. Ng'ombe wa Ikoma walikuwa wamerudi, wazima, wanang'aa, na watoto tisa wanakimbia kati yao. Akasimama. Ngozi kutoka zizi lililokufa lote, anaipeleka kwenye ng'ombe pekee waliobaki! Jua lilikuwa limezikausha, huenda hazina kitu tena. Huenda. Na kwa hadithi ya Bibi zilifika bila kudhuru, lakini Bibi huyohuyo alisema mwanzo kwamba sotoka iliiruka Busawe. Hadithi ambayo yeye mwenyewe ameshaivunja ataitegemeaje? Mara ya kwanza alifuata moyo, na matokeo aliyaona. Safari hii akafuata kazi yake. Alichimba kwa jiti na kwa kucha, akazizika zile ngozi chini ya mchongoma, akanawa mikono mtoni mpaka ikafa ganzi.

Kisha akaenda kwa Mwikwabe kwa maneno. Akamweleza kwamba mitamba wamekufa, Nyangwine ni mwaminifu, ngozi alizitoa.

Mwikwabe aliangalia mikono yake mitupu. "Ziko wapi?"

"Nimezizika, baba. Ni kwa ajili ya ugonjwa."

Mwikwabe alimtazama kwa macho yote mawili, akageuka akaenda kwa ng'ombe wake.

Siku alipotoka joshoni kwa mara ya mwisho, Wegesa alipitiliza mpaka kwa Bibi Bernadetha akiwa na udongo kwenye kucha. Bibi alikuwa anapeta mtama uani.

"Bibi, niapie kwa ngozi za Nyangwine kwamba hujambo."

"Ngozi za nani?"

Wegesa alishika nguzo ya mlango. "Nisimulie ya sotoka."

Bibi akasimulia huku anapeta. Mwanamke mgeni, kutawanya ng'ombe, Ikoma kupona, watoto tisa. "Ila kulikuwa na rafiki mmoja wa Busawe. Yule alikuwa mtu wa hovyo. Njaa ilipokaza alikula mitamba wawili wa Mwikwabe, hata ngozi haikurudi. Akamtuma mwanamke aje na maneno matupu, ati zimezikwa! Nani anazika ngozi?" Akapuliza makapi. "Wenzake walikufa na njaa, yeye akanenepa, akaishi mpaka uzee. Lakini peke yake. Hakuna mtu aliyempa tena hata ndama wa kumwekea."

"Aliitwa nani?"

"Jina la mwizi la nini?"

"Aliitwa Nyangwine," Wegesa akasema. Mkono ulikuwa mfukoni, umeibana ile futi ya Erasto mpaka inauma. "Na hakula, Bibi. Alizianika vizuri. Alizitunza na watoto wake wanakufa. Hakula!"

Bibi aliweka ungo chini, akamtazama mjukuu wake kwa mshangao, halafu kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Kwani wewe ulikuwepo?"